Wahusika Wachache au Wahusika Wengi: Ni Riwaya Ipi Humshika Msomaji Zaidi?

Mwandishi anayepanga riwaya hukutana mapema na uamuzi ambao baadaye ni vigumu kuubadili: je, hadithi yake aibebeshe watu wawili au watatu ambao msomaji atawajua kwa undani, au aifungulie ukoo mzima, mji mzima, hata taifa? Mara nyingi uamuzi huu hufanywa kwa kutazama ukubwa wa maudhui, kana kwamba jambo kubwa ni lazima libebwe na watu wengi na jambo dogo libebwe na wachache. Mimi naona kigezo cha kwanza kiwe kingine, nacho ni namna msomaji atakavyowapenda watu hao, atakavyoingiwa na hofu kwa ajili yao na atakavyowalilia. Riwaya ambayo msomaji wake hajali nani anaishi na nani anakufa haiokolewi na maudhui yoyote, hata yawe mazito kiasi gani.

Kabla ya kulinganisha, zipo hesabu mbili ambazo huchanganywa na ambazo ni lazima zitenganishwe. Ya kwanza ni hesabu ya majina, yaani watu wote wanaotajwa, wanaopita na wanaosema neno. Ya pili ni hesabu ya nafsi ambazo msimulizi huturuhusu kuziingia, tukayaona mambo kutoka ndani yake. Katika *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Kongowea Mswahili hukutana na watu wa kila aina katika safari ya kumtafuta baba yake, lakini nafsi tunamokaa tangu mwanzo hadi mwisho ni moja, ya Kongowea mwenyewe anayesimulia. Kinyume chake, *As I Lay Dying* ya William Faulkner ya mwaka 1930 inahusu familia moja inayosafirisha maiti ya mama kwenda kuizika, na hata hivyo masimulizi yake yamegawanywa kwa wasimulizi 15 katika sura 59. Riwaya ya kwanza inaweza kuongezewa wapita njia ishirini bila msomaji kupoteza chochote cha ukaribu wake na Kongowea. Ya pili humtaka msomaji ahame kila baada ya kurasa chache, ingawa familia inayosimuliwa ni moja. Kwa hiyo ninaposema wachache au wengi katika ulinganisho huu, ninahesabu zaidi nafsi zilizofunguliwa kuliko majina, kwa kuwa naamini hesabu hiyo ndiyo inayoamua.

Nafsi chache: ukaribu wa upesi

Riwaya yenye nafsi moja au mbili humfikisha msomaji karibu na mhusika upesi, na sababu yake si fumbo: kila ukurasa unaongeza kitu juu ya mtu yule yule. Msomaji hujifunza jinsi anavyozungumza akiwa na hasira, jambo analokwepa kulitaja, uongo anaojiambia mwenyewe, na baada ya sura chache huwa amekusanya historia ya kutosha kumwezesha kulisoma tendo dogo kama tukio kubwa. Tuseme yupo mwanamke ambaye kila akipokea barua huichana papo hapo akiwa bado amesimama mlangoni, kwa kuwa hana subira na habari. Siku moja anapokea barua, anautazama mwandiko wa juu ya bahasha, kisha anaipeleka chumbani na kuiweka chini ya mto bila kuifungua. Mwandishi hana haja ya kueleza lolote, kwa sababu msomaji tayari ameshtuka. Sasa mweke mwanamke huyo huyo katika riwaya ya nafsi ishirini, ambamo tumeshakutana naye mara mbili tu. Barua iliyo chini ya mto itakuwa barua tu, na mwandishi atalazimika kuongeza sentensi ya kufafanua kwamba hiyo haikuwa kawaida yake. Sentensi hiyo ndiyo itakayoliua jambo ambalo ukimya ungelifanya vizuri zaidi.

Ukaribu huu huzidi pale masimulizi yanapokuwa ya nafsi ya kwanza. Msomaji wa *Siku Njema* hajui zaidi ya anachojua Kongowea kuhusu baba anayetafutwa, na kwa hiyo kila anayeelekea kujua kitu humpa msomaji tumaini lile lile na wasiwasi ule ule anaoupata kijana mwenyewe. Hakuna mahali pengine pa kusimama. Kutojua kwa mhusika na kutojua kwa msomaji ni kitu kimoja, nami sijaona mbinu nyingine inayomuunganisha msomaji na mhusika kwa gharama ndogo ya maneno namna hii.

Hatari ya njia hii iko mahali pale pale palipo na nguvu yake. Mwandishi anakuwa ameweka mali yake yote kwa mtu mmoja, na msomaji asipompenda mtu huyo, au akamchoka, hana mwingine wa kumkimbilia. Mhusika mkuu anayejihurumia kwa kurasa mia tatu huchosha hata kama mateso yake ni ya kweli. Vilevile watu wanaomzunguka huanza kufifia: mama anakuwa mama yake tu, rafiki anakuwa mtu wa kumsikiliza tu, adui anakuwa ukuta wa kugongana nao. Mhakiki Alex Woloch, katika kitabu alichokitoa mwaka 2003, alieleza kwamba nafasi ndani ya riwaya ina mipaka, na kwamba wahusika huigombania, hivi kwamba kukua kwa mhusika mkuu hutokana na kubanwa kwa wahusika wadogo. Maelezo hayo yananisaidia sana kuelewa kwa nini riwaya ya mtu mmoja, hata ikiwa nzuri, huacha hisia kwamba wengine waliomo hawakupewa haki ya kuishi.

Upo pia udhaifu unaohusu taharuki. Msomaji aliyezoea riwaya anajua kwamba mhusika wa pekee hawezi kuuawa katikati ya kitabu, kwa kuwa hadithi ingekosa wa kuibeba. Hofu yake inapungua bila yeye mwenyewe kutambua, na mwandishi hana budi kuielekeza kwenye hatari nyingine zisizo kifo, kama vile aibu, kupoteza heshima, au kugeuka kuwa mtu asiyestahili kupendwa.

Nafsi nyingi: ukaribu unaochelewa

Riwaya pana huanza kwa kumnyima msomaji kile ambacho riwaya finyu humpa mara moja. Kurasa zake za kwanza ni za kazi: majina, undugu, nani alimwoa nani, nani ana deni kwa nani. Wasomaji wengi huziacha riwaya za namna hii kabla hazijaanza kulipa, na siwalaumu, kwa kuwa mwandishi ndiye mwenye jukumu la kuwapa sababu ya kuvumilia. Ila wanaovumilia hupata aina ya mapenzi ambayo riwaya finyu haiwezi kuyatengeneza, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

*Vita na Amani* ya Leo Tolstoy, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1869, ina wahusika zaidi ya 500. Takwimu hiyo hutisha, lakini nafsi ambazo Tolstoy huziingia mara kwa mara na kwa kina ni chache: Pierre, Andrei, Natasha, Nikolai, Maria na wengine kidogo. Waliobaki huja na kwenda. Miongoni mwa wanaokuja na kwenda yupo Petya, mdogo wa mwisho katika familia ya Rostov, ambaye mwanzoni ni mtoto tu anayepita chumbani, na ambaye mlango wa nafsi yake hufunguliwa kwa nadra. Mwaka 1812, akiwa bado kijana mdogo mno kwa vita, anajiunga na kikosi cha Denisov na kuwagawia wenzake zabibu kavu alizokuja nazo, akiwahimiza wachukue zote. Usiku ule ananolewa upanga wake na kusikia muziki mtamu kati ya usingizi na macho. Asubuhi anauawa. Denisov, askari mkavu, anaifikia maiti, anakumbuka maneno yale ya zabibu, kisha anageuka, anaenda kwenye uzio na kuushika.

Kwa nini kifo hicho kinauma, ilhali Petya hakupewa hata sehemu ndogo ya kurasa alizopewa Pierre? Jibu langu ni kwamba msomaji hakumpenda Petya peke yake. Alikuwa ameipenda nyumba nzima ya Rostov kwa mamia ya kurasa: kelele zake, muziki wake, mama anayeogopa kila barua inayotoka vitani. Petya ameurithi upendo huo. Anapokufa, msomaji anafikiria papo hapo jinsi habari zitakavyomfikia mama yake, na hofu hiyo ya pili ni kubwa kuliko huzuni ya kwanza. Riwaya finyu inaweza kutufanya tumlilie mtu. Riwaya pana inaweza kutufanya tulilie pengo ambalo mtu ameliacha kati ya watu wengine, kwa kuwa hao wengine tunawajua pia.

Zawadi ya pili ya riwaya pana ni kumpenda mtu na pia kumpenda anayemuumiza. George Eliot alilifanya jambo hili waziwazi katika *Middlemarch*, iliyotoka kwa sehemu nane kati ya mwaka 1871 na 1872. Mwanzoni mwa sura ya 29 msimulizi anaanza sentensi kuhusu Dorothea, kisha anajikatiza na kuuliza kwa nini iwe daima Dorothea, kana kwamba maoni yake kuhusu ndoa ile ndiyo pekee yanayowezekana. Kutoka hapo anaturudisha kwa mumewe, Casaubon, msomi mzee na mkavu ambaye hadi wakati huo tumefurahia kumchukia, na kutuonyesha mtu mwenye hofu, anayejua moyoni kwamba kazi yake ya maisha huenda isikamilike na ambaye hakuwahi kujaliwa furaha ya kujisahau. Baada ya kurasa hizo, kila anapomkaripia mkewe msomaji anapasuka pande mbili. Huruma kwa Dorothea haipungui hata kidogo, ila chuki rahisi kwa mumewe haiwezekani tena. Riwaya ya nafsi moja ingemwacha Casaubon akiwa ukuta.

Zawadi ya tatu ni kukutana tena. Katika *Chozi la Heri* ya Assumpta K. Matei, ya mwaka 2014, orodha ya wahusika ni ndefu sana, kuanzia Ridhaa anayetutazamisha mabaki ya makazi yake yaliyoteketezwa. Umulkheri na ndugu zake Dick na Mwaliko wanatenganishwa na kila mmoja anafuata njia yake, na wanapokuja kukutana, furaha ile haiwezi kuandikwa katika riwaya ya mtu mmoja, kwa kuwa msomaji amebeba habari za ndugu hao ambazo wao wenyewe hawakuwa wakizijua. Msomaji alijua kabla yao. Kungojea kwake ndiko kunakoipa furaha uzito.

Mahali ambapo wingi huuvunja ukaribu

Haya yote hayatokei yenyewe kwa kuongeza watu. Riwaya pana nyingi hushindwa, na kushindwa kwake hutokea mahali panapofanana.

Jambo linaloharibu zaidi ni muda wa kutengana. Ukaribu na mhusika una uhai wake, nao hupoa usipolishwa. Msomaji akimwacha mtu katika hatari kwenye sura ya tatu na kumkuta tena sura ya kumi na saba, atahitaji kurasa kadhaa kuirudia joto ya mwanzo, na kama mwandishi hakuzipanga kurasa hizo, mhusika anarudi akiwa mgeni. Mfululizo wa George R. R. Martin unalionyesha jambo hili kwa ukubwa usio wa kawaida. Riwaya ya kwanza, *A Game of Thrones* ya mwaka 1996, husimuliwa kupitia watu wanane, ukiacha sura ya utangulizi, na wengi wa wanane hao ni wa nyumba moja, jambo linalofanya kila sura iseme kitu kuhusu watu wa sura nyingine. Nafsi ziliendelea kuongezeka. Riwaya ya nne, ya mwaka 2005, iliwaweka kando Jon, Tyrion na Daenerys, ambao wasomaji wengi walikuwa wamewashikilia zaidi, ili kuwapa nafasi wasimulizi wapya. Sura za wale waliowekwa kando zilirudi mwaka 2011. Nawaheshimu wasomaji waliovumilia, lakini kwa mwandishi anayepanga kazi yake leo, mfano huo unaonyesha kuwa nafsi mpya huhesabiwa na msomaji kama muda ulionyang'anywa nafsi ya zamani.

Majina nayo yana sehemu yake, ingawa ni suala dogo na lina tiba nyepesi. *Chozi la Heri* ina Mwangeka na ina Mwangemi, na msomaji anayesoma kwa haraka hulazimika kurudi nyuma kuhakikisha ni nani anayezungumziwa. Gabriel García Márquez, katika riwaya yake ya mwaka 1967 kuhusu familia ya Buendía, alirudia majina Aureliano na José Arcadio kizazi baada ya kizazi kwa makusudi, ili tuhisi familia inavyozunguka mahali pale pale. Asiye na kusudi la aina hiyo na atofautishe majina kwa herufi ya mwanzo, kwa urefu na kwa mlio.

Lipo pia suala la vifo. Nimesema kwamba mhusika wa pekee hawezi kuuawa katikati ya kitabu; riwaya pana, kinyume chake, humpa mwandishi uhuru wa kumuua yeyote, na kwa hiyo hofu ya msomaji huwa ya kweli. Uhuru huo hauna budi kutumiwa kwa uchache. Kifo cha kwanza kisichotarajiwa humfungua msomaji macho, cha pili humtia wasiwasi, lakini vikifuatana sana yeye huanza kujilinda. Huacha kuwapenda wahusika wapya kwa kuwa anajua hawatakaa, na kutoka hapo mwandishi anaandika kwa mtu aliyekwisha kuondoa moyo wake.

Kuhusu wahusika wadogo wenyewe, msaada bora ninaoujua ni ule uliotolewa na E. M. Forster mwaka 1927 alipowagawa wahusika kuwa bapa na duara. Mhusika bapa anaweza kuelezwa kwa sentensi moja, na Forster alimtaja Bi. Micawber wa Charles Dickens, ambaye muhtasari wake ni kwamba hatamwacha mumewe kamwe. Mhusika duara hutambuliwa kwa uwezo wake wa kutushangaza kwa namna tunayoiamini. Katika madarasa ya fasihi mgawanyo huu mara nyingi hufundishwa kama daraja la ubora, kana kwamba ubapa ni kasoro. Si kweli. Dickens alichapisha riwaya zake kwa sehemu, nyingi zikitoka kila mwezi, na msomaji aliyekaa wiki nne bila kitabu alimtambua mhusika mara moja kwa kauli yake, mwendo wake au tabia yake isiyobadilika. Riwaya yenye watu wengi inawahitaji watu bapa ili msomaji abaki na nguvu za kuwajali walio duara. Kinachoumiza riwaya ni watu wa katikati: wale waliopewa historia ndefu, huzuni ya utotoni na ndoto iliyovunjika, kisha wakatoweka baada ya sura moja. Msomaji alijiandaa kuwapenda, na maandalizi hayo yakapotea bure.

Uchague ipi

Ikiwa kiini cha riwaya ni badiliko la ndani la mtu, kama vile kupoteza imani, kukubali kosa, kukomaa au kuvunjika, chagua nafsi moja, mbili zikizidi sana, na usiogope udogo wake. Undani huo unahitaji mfululizo usiokatizwa, na kila sura utakayoihamishia kwa mtu mwingine itaupunguza. Ikiwa kiini ni uhusiano unaoharibika kwa sababu kila upande una haki, chukua nafsi mbili au tatu zinazogusana, kama alivyofanya Eliot kwa ndoa ya Dorothea na Casaubon. Ikiwa unachotaka msomaji akipoteze ni kitu cha wengi, yaani familia, mji, au namna fulani ya kuishi, basi riwaya pana ndiyo inayokufaa, na hakuna njia fupi ya kuifikia. Anayeandika riwaya yake ya kwanza namshauri achague nafsi chache hata kama mawazo yake ni makubwa, na aruhusu majina yawe mengi kadiri atakavyo. Atapata upana wa dunia bila kulipa gharama ya kumhamisha msomaji.

Msomaji anayechagua cha kusoma naye anaweza kujiuliza swali linalokaribiana na hilo. Anayesoma kwa vipande vidogo, kurasa tano leo na kumi baada ya siku kadhaa, atafaidi zaidi riwaya yenye nafsi chache, kwa kuwa haimdai kumbukumbu. Riwaya pana inafaa ianzwe wakati mtu ana siku chache za kusoma mfululizo, angalau hadi robo ya kwanza ipite, kwa kuwa robo hiyo ndiyo inayojenga undugu ambao sehemu zilizobaki zitautumia.

Aliyekwisha kuandika rasimu pana, na ambaye wasomaji wake wa kwanza wanamwambia kwamba huruka sura za mhusika fulani, asikimbilie kumfuta mhusika huyo. Mara nyingi tatizo limelala katika sura iliyotangulia, pale msomaji alipoondolewa kwa mtu anayempenda katikati ya hofu na kukabidhiwa mgeni asiye na haja yoyote ya haraka. Afungue sura hiyo ya mgeni na kuuliza ni nini mtu huyu anakitaka leo, na kama kitu hicho kinamgusa kwa vyovyote yule aliyeachwa hatarini. Kama hakimgusi, aitafute njia ya kuviunganisha ndani ya ukurasa wa kwanza wa sura hiyo: barua inayomhusu yule mwingine, deni wanalodaiwa wote wawili, au habari ambayo mgeni anayo na mwenzake anaihitaji kabla ya usiku kuingia. Ikiwa baada ya kujaribu kwa uaminifu uhusiano wowote unaonekana wa kulazimisha, basi mhusika huyo abaki katika riwaya kama jina, na mlango wa nafsi yake ufungwe.